Nasikia harufu, naona baridi: majibu ya maswali yenu ya Kiingereza

Maswali mengi ya mwezi huu yametoka Mwanza na visiwani, na karibu yote yanahusu milango ya fahamu: kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Waulizaji ni watu wanaotumia Kiingereza kazini kila siku, kwa hiyo tumejibu kwa kuangalia kazi ya kila mmoja.

SWALI: Wapendwa wahariri, habari za kazi. Mimi ni mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha minofu ya sangara, Ilemela. Kwenye fomu niliandika "I hear a bad smell from the gills". Msimamizi akaikata kwa kalamu nyekundu bila kunieleza. Fomu yenyewe inasema "odour", wenzangu wanasema "smell", na mteja mmoja aliandika "stench". Naomba ufafanuzi.

JIBU: Ndugu mkaguzi, tuanze na sentensi iliyokatwa, maana humo ndimo ulimo mzizi wa maswali mengi tuliyopokea. Kwa Kiswahili mtu husikia harufu, husikia njaa, husikia baridi, husikia maumivu, na mtoto mwema husikia maneno ya mama yake. Kitenzi "hear" ni cha masikio peke yake. Harufu ina "smell", baridi na maumivu vina "feel", na njaa kwa kawaida haihitaji hata kitenzi cha hisia: "I am hungry". Kwenye fomu ungeandika tu "Bad odour from the gills". Ukitaka sentensi kamili, "The gills smell bad".

Sasa "smell" kama kitenzi. Kinafanya kazi tatu kwa umbo lilelile. "I can smell smoke": moshi umekujia puani, hukuutafuta. "The inspector is smelling the gills": mkaguzi ameinama, ananusa matamvua kwa makusudi. "The fish smells bad": samaki ndiye anayenuka. Kinachotofautisha ni nani aliyekaa mbele ya kitenzi, na kama alikusudia. Ile "-ing" inakubalika pale penye makusudi tu. Ndiyo maana "The inspector is smelling the gills" ni sahihi, lakini "The fish is smelling bad" si sahihi, ingawa imejaa kwenye ripoti. Na baada ya "smells" weka kivumishi, "bad". Ukiandika "The fish smells badly" umesema samaki hana uwezo mzuri wa kunusa.

Kuna kihusishi kidogo chenye uzito mkubwa kazini kwako. "The box smells of diesel" kwa kawaida maana yake dizeli imegusa boksi kweli. "The box smells like diesel" maana yake harufu inafanana na dizeli, chanzo hakijajulikana. Ya kwanza inamnyooshea mtu kidole, dereva au mwenye boti. Usiiandike kabla hujathibitisha.

Upande wa majina, "smell" ndilo la kawaida, lakini likiachwa peke yake linaegemea ubaya: "There is a smell in the cold room" humaanisha chumba cha baridi kinanuka. "Odour" ni neno rasmi. Ndani ya fomu halina upande, linasubiri ulipime: "fresh", "neutral", "sour", "putrid". Nje ya fomu huegemea ubaya pia, na ndiyo maana harufu ya jasho huitwa "body odour". Waingereza huandika "odour", Wamarekani "odor". Mnunuzi wenu akiwa Ulaya, bakini na lile lenye "u", na msichanganye mawili katika ripoti moja.

"Stench" ni uvundo, harufu mbaya kali inayomfanya mtu ageuze uso. Mteja akiitumia anaonyesha hasira, lakini haikuambii samaki ameharibika kwa namna gani, kwa hiyo wewe usiiandike kwenye fomu. "Stink" ina maana karibu hiyohiyo kwa lugha ya mtaani. "Scent" ni harufu hafifu, mara nyingi nzuri, na pia ile anayoifuata mbwa akimsaka mnyama. "Fragrance" ni ya maua, sabuni na manukato. "Aroma" ni ya chakula na vinywaji vinavyovutia, kama kahawa ya Kagera inapokaangwa. Matamvua hayana "aroma" hata yawe mabichi kiasi gani.

Wenye mizigo ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, wajue maneno mawili ambayo huchanganywa: "rancid" na "musty". Dagaa akikaa muda mrefu, mafuta yake hukutana na oksijeni ya hewani, rangi ikaelekea manjano, na ladha ikakwaruza koo. Huyo ni "rancid". Gunia likipata unyevu, ukungu ukaanza, harufu inakuwa kama ya nyumba iliyofungwa muda mrefu: hiyo ni "musty". Dawa zake hazifanani. Ya kwanza unaizuia kwa kupunguza hewa, joto na muda wa kukaa ghalani, ya pili kwa kukausha vizuri na kuinua magunia kutoka sakafuni. Mnunuzi akikuandikia neno moja kati ya hayo, tayari amekuonyesha tatizo liko wapi.

Jambo la mwisho kwa fomu zenu: wakati uliopita una "smelled" na "smelt", yote sahihi kwa Waingereza. Kanda ya Ziwa tunaishi jirani na migodi, na "smelt" pia ni kuyeyusha mawe ya madini ili kutoa chuma au dhahabu. "Smelled" haina utata.

SWALI: Shikamooni. Ni mhudumu wa mgahawa kando ya ziwa. Nikisema "Our tilapia is very sweet", mgeni anauliza kama tumetia sukari. Nikisema supu ni "hot", anapuliza, anakunywa, halafu analalamika pilipili. Niseme nini?

JIBU: Marahaba, dada. "Tamu" yetu ina kazi mbili, kuna utamu wa sukari na kuna utamu wa chakula kilichopikwa vizuri. "Sweet" inabeba wa kwanza: asali, nanasi, viazi vitamu, chai iliyozidi sukari. Sato wako mwite "delicious", au "tasty", au sema kwa urahisi "The tilapia is very good". Neno "delicious" lina "sana" ndani yake tayari, kwa hiyo "very delicious" hukwaza sikio. Ukitaka kuongeza nguvu sema "really delicious". Wapishi wa Kiingereza humwita kaa au kamba "sweet", kwa kuwa nyama yake ina utamu fulani wa asili, lakini sato wa kukaanga hayumo katika mazoea hayo.

"Hot" ndiyo inayounguza wageni kweli. Kiingereza kimeweka joto na pilipili ndani ya neno moja, na Waingereza wenyewe hulazimika kuulizana wanazungumzia lipi. Tenganisha kabisa mezani. Kwa joto: "Be careful, the bowl is very hot". Kwa pilipili: "It's spicy, there is chilli in it". Taja "chilli" wazi, usimwachie mgeni abahatishe.

Kuna sababu ya mwili kwa lugha kuchanganya mambo haya mawili. Ukali wa pilipili hutokana na kemikali iitwayo kapsaisini, nayo huamsha kipokezi kilekile cha neva kinachotoa taarifa ya joto linalounguza. Kipokezi hicho kilitambuliwa mwaka 1997 na kundi la David Julius huko Marekani, naye mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Ardem Patapoutian. Kwa hiyo ulimi wa mgeni unadhani unaungua. Kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji, na glasi ya maji baridi haitamfaa sana. Mpelekee maziwa au mtindi.

Halafu pilau. Menyu nyingi zimeandika "spicy rice", na mgeni asiyekula pilipili anairuka. Pilau ina iliki, mdalasini, karafuu na bizari nyembamba, lakini haiwashi. Neno lake ni "spiced". Mwisho wa neno ukibadilika, unauza sahani zaidi. Andika "Pilau: rice cooked with spices" na chini yake "not hot".

Angalia pia "kali". Chai kali ni "strong tea". Pilipili kali ni "hot". Kisu kikali ni "sharp". Ndimu, ukwaju na maziwa yaliyochacha ni "sour", wakati kahawa isiyo na sukari, mchunga na kwinini ni "bitter". Wengi huita ndimu "bitter", na mgeni akisikia hivyo anasubiri ladha ya dawa.

Mwisho, "How are you tasting the fish?" iache. Muulize "How is the fish?" na inatosha. Na kama bango lenu linasema "tasteful food", libadilisheni liwe "tasty food". "Tasteful" husemwa kuhusu mapambo au mavazi yaliyochaguliwa kwa ustaarabu, haliliwi.

SWALI: Nafuga sato kwenye vizimba upande wa Sengerema. Mnunuzi mmoja ameandika samaki wana "muddy taste", mwingine "muddy flavour". Kuna tofauti, au ni mtindo tu wa kuandika?

JIBU: Tofauti ipo, na wa pili ndiye sahihi zaidi. "Taste" kwa maana yake finyu ni kile ulimi unachokipata: tamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ule utamu wa mchuzi wa nyama unaoitwa umami, jina lililotolewa mwaka 1908 na mwanakemia wa Kijapani Kikunae Ikeda alipochunguza mchuzi wa mwani. Ladha ya matope haimo. Unapotafuna, hewa yenye harufu hupanda kutoka nyuma ya koo kuingia puani, na ubongo unaunganisha harufu hiyo na kazi ya ulimi. Huo muungano ndio "flavour".

Unaweza kujithibitishia jikoni. Chemsha kipande cha mnofu bila chumvi wala ndimu, kiache kipoe kidogo. Bana pua kwa vidole, tafuna mara kadhaa: utapata ulaini wa nyama na kautamu kadogo, basi. Achia pua ukiwa bado unatafuna. Kama samaki ana tatizo, matope yanakuja papo hapo. Umeonja kwa pua.

Chanzo chake kikubwa ni kemikali iitwayo jeosmini, inayotengenezwa na aina fulani za bakteria wa kijani-buluu na bakteria wengine wa matope. Pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo mno majini. Samaki huinyonya kupitia matamvua, ikakaa kwenye mafuta ya mwili. Kumsafisha huchukua siku kadhaa hadi wiki katika maji safi yanayobadilika, bila chakula, kutegemea ukubwa wake na joto la maji. Tindikali huivunja jeosmini, ndiyo maana ndimu ya mama jikoni inasaidia, lakini huwezi kumuuzia mnunuzi kwa tani kisha umwambie akamulie ndimu.

Katika barua za biashara tatizo hili huitwa "off-flavour". Andika "The fish had a muddy off-flavour" na mtaelewana. "Off" hapo inaonyesha ladha isiyotakiwa, haimaanishi samaki ameoza. Ila ukisema "The fish is off", umesema ameharibika! Neno hilo dogo liandikwe kwa uangalifu.

SWALI: Naitwa msomaji wa Nansio, kidato cha tatu. "See", "look" na "watch" zote ni kuona. Mwalimu anazitenganisha, mimi nazichanganya.

JIBU: Jiulize mambo mawili. Je, nimekusudia? Je, ninachokitazama kinaenda au kinabadilika? Kama hukukusudia, ni "see". Umekusudia, na kitu kimetulia: "look at". Umekusudia, na unafuatilia kinachoendelea: "watch".

Darasani: "Look at the board" ni amri ya mwalimu. "I can't see the board" ni jibu lako ukiwa nyuma na jua linapiga ubao. "Watch the board" ingefaa tu kama ubao ungekuwa karibu kufanya jambo. Mpira uwanja wa CCM Kirumba ni "watch", ngoma ya bugobogobo kule Bujora ni "watch", kwa sababu majembe yanarushwa na ukipepesa macho umekosa. Picha ya ngoma hiyohiyo ukutani ni "look at". Runinga daima ni "watch". Filamu ukiiendea ukumbini waweza kusema "see a film", nyumbani ni "watch a film". Usisahau "at": "Look the board" ni kosa la kwanza ambalo wasahihishaji hulikuta.

Masikio yana jozi inayofanana: "listen to" ni makusudi, "hear" ni kupata tu. Unaweza kusikiliza redio bila kusikia kitu, "I listened but I heard nothing". Na kitu chenyewe kikitoa sauti, kitenzi chake ni "sound": "The engine sounds strange". Kwa macho, kazi hiyo ya tatu inarudi kwa "look": "The sky looks dark". Ukilishika hili, pua, ulimi na ngozi ni rahisi, maana "smell", "taste" na "feel" hufanya kazi zote tatu bila kubadilika.

Moja la tahadhari kwa vijana: "I am seeing a doctor tomorrow" ni miadi ya daktari. "I am seeing someone" ni kusema una mpenzi.

SWALI: Kwenye simu ninauliza "Are you hearing me?" Rafiki anasema ni kosa. Kweli?

JIBU: Kweli. Sema "Can you hear me?" Mtandao ukikatakata, "I can't hear you" kama sauti haifiki kabisa, na "You're breaking up" kama inafika vipande vipande. "I don't get you" ni kutoelewa maana, wakati sauti imefika vizuri. Ukisema hiyo, mwenzako ataanza kukueleza upya badala ya kusogea penye mtandao.

SWALI: Nipo kwenye kikundi cha ulinzi wa mwalo wetu. Tukitokewa na ajali ziwani huwa tunaandika maelezo, na mashirika mengine yanayataka kwa Kiingereza. Je, "I saw him drown" na "I saw him drowning" ni sawa?

JIBU: Si sawa hata kidogo, ndugu yetu, na tunakushukuru kwa kuuliza kabla hayajaandikwa vibaya. "I saw him drown" maana yake uliona tukio lote mpaka mwisho: mtu amekufa maji. "I saw him drowning" maana yake ulimwona akiwa katikati ya kuzama, na inawezekana kabisa aliokolewa. Kitenzi kitupu baada ya "saw" au "heard" hubeba kitendo kizima. Chenye "-ing" hubeba kipande ulichokishuhudia. Ukiwa umefika akiwa bado anapiga maji, kisha ukageuka kuchukua kamba, andika "drowning" na uendelee na yaliyofuata.

Mtumbwi hau-"drown". Mtumbwi ukipinduka ni "capsize", ukienda chini ni "sink". "Zama" yetu inafaa kwa mtu na kwa chombo, na ndiyo inayowaponza wengi hapo.

La pili ni kubwa kama hilo. "I heard him fall" ni ushahidi wa masikio yako: ulisikia kishindo. "I heard that he fell" ni kwamba umeambiwa na mtu. Kadhalika "I saw him leave" ni macho yako, na "I saw that he had left" ni kwamba ulikuta nafasi yake tupu ukatambua ameondoka. Mpelelezi akisoma "heard that" atauliza uliambiwa na nani. Kama uliyasikia mwenyewe, ondoa "that", na maelezo yako yatasimama.

Saa na umbali navyo viwemo. "I could see the boat" haitoshi. "I could see the boat but I could not see how many people were in it" inaeleza mpaka wa uliyoyaona, na mpaka huo ndio unaoaminisha maelezo yote.

SWALI: Nafungua saluni yenye masaji, Nyamagana. Aliyenitengenezea bango ameandika "sensual massage for sensible skin". Nimeona maneno yanapendeza, lakini mteja mmoja ametabasamu vibaya.

JIBU: Dada, bango hilo lisipande ukutani. "Sensual" inahusu tamaa za mwili, na "sensual massage" ni tangazo la huduma nyingine kabisa. Litakuletea wateja usiowataka na maneno mtaani. Andika "relaxing massage". Kuna "sensuous", inayosema juu ya kinachoburudisha milango ya fahamu kama muziki au kitambaa laini, na iliundwa na mshairi John Milton mwaka 1641 ili kukwepa harufu ya "sensual". Leo watu huzichanganya, kwa hiyo kwenye bango ziepuke zote mbili.

Ngozi inayopata vipele haraka ni "sensitive skin". "Sensible" ni mwenye busara, au kitu kinachofaa kwa kazi: "sensible shoes" ni viatu vya kutembelea, vya kisigino kifupi. Mtu "sensitive" huumia haraka moyoni, mtu "sensible" huamua kwa akili. Ukimsifia mfanyakazi kwenye barua ya kazi, herufi hizo zinabadilisha sifa yake yote. "Sensory" ni ya kitaalamu, kama jopo la kiwandani linaloonja na kunusa minofu, "sensory panel".

SWALI: Ni muuguzi. Wageni na watafiti hufika wodini, na mimi ndiye mkalimani wa wagonjwa. "Nasikia baridi", "mguu unaniuma", "nina ganzi": nipe maneno ya uhakika.

JIBU: "Nasikia baridi" ina tafsiri tatu, na ni lazima umuulize mgonjwa kabla ya kuchagua. Dirisha liko wazi: "I'm cold". Anatetemeka na homa, kama malaria inavyofanya: "I have chills". Ana mafua: "I have a cold". Ukitoa ya tatu mahali pa ya pili, umepunguza uzito wa dalili.

"My leg is paining me" husikika kote Afrika Mashariki, lakini kilichozoeleka kwa wageni ni "My leg hurts" au "I have a pain in my leg". "Ache" ni maumivu ya kuendelea, mazito, yasiyochoma, na yana majina yake maalumu: "headache", "toothache", "stomach ache", "backache". Mguu haumo. "Sore" ni panapouma pakiguswa au pakitumika, kama koo wakati wa kumeza. Kichomi ni "sharp" au "stabbing pain", na kuungua wakati wa mkojo ni "burning". "Kuwasha" kwa upele ni "itching", usiiseme "burning" mpaka mgonjwa aseme anaungua.

Ganzi ni "numbness": ngozi haina hisia. Zile sindano-sindano zinazokuja mguu ukiamka ni "tingling". Mgonjwa huita vyote ganzi. Mpime: afumbe macho, gusa kidole kwa ncha ya pamba, uliza "Can you feel this?" Asipojua umegusa, ni "numb". Akijua umegusa lakini anasikia kama sisimizi wanatembea, ni "tingling". Hapo utaona pia tofauti ya "touch" na "feel": wewe uli-"touch", yeye ali-"feel". Daktari anayepapasa tumbo akitafuta uvimbe naye ana-"feel", kwa makusudi: "I'm going to feel your stomach. Tell me if it hurts".

SWALI: Naongoza watalii Saanane na wakati mwingine Rubondo. "View", "sight", "scenery", halafu "glance" na "glimpse". Nisaidieni.

JIBU: "View" ni kinachoonekana kutoka mahali fulani, kwa hiyo taja mahali: "There is a good view of Bismarck Rock from here". "Scenery" ni mandhari yote, na haina wingi. "Sight" ni kitu kimoja chenye kuonwa, na "site", inayotamkwa vilevile, ni eneo. Katika brosha hilo la mwisho hukosewa sana.

"Glance" unaitupia wewe: unatupa jicho kwenye saa. "Glimpse" unaipata: kitu kimepita, umekiona nusu. Nzohe wa Rubondo hujificha kwenye matete, basi usiwaahidi wageni "You will see". Waambie "You may catch a glimpse of a sitatunga". Ukimwona kabla yao, ume-"spot". Na lile wingu la wadudu juu ya maji, ambalo wageni hudhani ni moto: "It looks like smoke, but those are lake flies".

SWALI: Nafundisha shule ya msingi Igoma. Watoto wanasema "Reduce the voice of the radio". Nawasahihisha vipi?

JIBU: Mwalimu, "sauti" yetu imebeba maneno manne. "Voice" hutoka kooni mwa mtu. "Sound" ni sauti yoyote, ya mvua, ya injini, ya kengele. "Noise" ni ile inayokera. "Volume" ni kiasi, na ndicho kinachopunguzwa: "Turn down the volume", au "Turn the radio down". Waandikie mistari minne ubaoni: mtangazaji, mvua juu ya bati, mashine ya kusaga jirani, kitufe cha redio. Kila mtoto achague neno la mstari mmoja na aseme kwa nini. Watakaobishana zaidi ni wa mvua juu ya bati, kwa sababu kwa anayelala ni "sound" na kwa anayefundisha ni "noise". Wape alama wote wawili.